Pua ya Mahlon

Kwetu, sisi Waamish, Wakristo tunaoishi kwa desturi za kale kwenye vilima vya Holmes, Ohio, Marekani, majina ni machache kuliko watu. Simama kwenye mnada wa farasi uite "Mahlon Schlabach", watageuka wanaume watatu, wote na ndevu, wote na kofia za majani makavu. Ndiyo maana kila mtu hupachikwa jina la kumtambulisha, na likishamganda halimtoki. Yuko Mahlon Kinu, ambaye babu yake alikuwa na kinu. Yuko Mahlon Chechemea, ambaye siku hizi hachechemei tena, lakini nani anajali. Halafu yuko huyu fundi wa friji, Mahlon Pua.

Jina hilo alilipata ujanani, hajaoa, kidevu bado kitupu. Alikuwa kwa mjomba wake chakula cha mchana, watu wameshainamisha vichwa kuomba, naye katikati ya sala akainua chake akasema, "Gesi." Mjomba alimkata jicho. Kijana akarudia, "Gesi, mjomba. Inatokea stoo." Walipokwenda kuangalia, bomba la shaba nyuma ya friji lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hakuna mwingine pale mezani aliyekuwa amesikia kitu zaidi ya harufu ya kuku wa kukaanga. Tangu siku hiyo pua yake ikawa mali ya kanisa zima.

Baba yake alikuwa mkata barafu. Bwawa likiganda, wanaume walishuka na misumeno, wakakata mapande, wakayapanga ghalani na kuyafukia kwa unga wa mbao, na kiangazi kikifika barafu ilikuwa bado ipo. Wazee huisimulia kazi hiyo kwa mapenzi, ila husahau kutaja vidole walivyoviacha bwawani. Umeme wa nyaya kanisa liliukataa zamani, maana waya ukiingia nyumbani hauingii peke yake. Friji ya gesi haikuwa na waya. Mtungi unakaa nje ukutani, bomba jembamba linapita kwenye tundu, na chini ya friji kunawaka kimoto cha bluu, kidogo kuliko ukucha. Wazee waliongea, wakaongea tena, wakakubali. Ghala la barafu likawa banda la kuku, na mwana akawa fundi wa kitu kilekile kilichoiua kazi ya baba yake.

Watu wa nje, ambao sisi huwaita Waingereza hata kama Uingereza hawajaiona ila kwenye ramani, humuuliza Mahlon swali lile lile: moto unawezaje kupoza maziwa? Yeye huwajibu kwa subira. Ndani ya mabomba ya mgongoni mwa friji mna amonia iliyochanganywa na maji. Moto wa propeni, gesi ile ya mtungini, huichemsha, ikapanda ikiwa mvuke, ikapoa, ikarudi kuwa majimaji, kisha ikaingia upande wa sanduku na kugeuka mvuke tena. Hapo ndipo inapolinyang'anya maziwa joto lake na kuondoka nalo. Hakuna kinachozunguka, hakuna kelele. Friji ya namna hii inadai mambo mawili tu, moto usizimike na yenyewe isimame sawasawa. Ikiinama, majimaji hutuama pasipotakiwa na baridi inakufa. Kwa hiyo Mahlon hatembei bila pima maji mfukoni. Ile iliyokufa kwa kuinama huipindua kichwa chini miguu juu, akaiacha hivyo mpaka kesho yake, na mara nyingi hufufuka. Akina mama huicheka dawa hiyo, halafu humwita tena.

Kuna wakati mwenye duka mmoja mjini, Mwingereza mchangamfu, alimwita aje aone friji mpya.

"Hii nayo ni propeni, mzee Mahlon, ile ile yako," alimwambia. "Ila hapa haiungui. Imefungiwa ndani ya mabomba, inazunguka humo humo, na yenyewe ndiyo inayobeba joto. Unaweka betri na kioo cha jua juu ya paa, basi."

Mahlon alilipapasa bomba kwa kidole. Lilimgusa jambo hilo, nalo lilikaa naye siku nyingi. Propeni aliyoijua yeye ilifanya kazi yake kwa kuungua na kwisha, na hii ilifanya kazi hiyo hiyo bila kwisha, mradi tu isiione nje.

"Kwangu inachomwa, kwako imefungwa jela," alisema. "Sijui ipi ina nafuu."

Yule bwana alicheka, akamtolea kidude cha kushika mkononi. "Basi chukua hata hiki. Kinanusa gesi. Ikivuja tu, kinalia."

"Changu nimezaliwa nacho," Mahlon alijibu, akajigonga pua kwa kidole. Maneno hayo aliyasimulia nyumbani kwa furaha kubwa kuliko yalivyostahili. Mkewe, Lovina, alikuwa anamenya viazi, wala hakucheka.

Majira ya baridi yaliyofuata, homa ilipita nyumba hadi nyumba. Mahlon ilimlaza. Lovina alimsugua kifuani dawa ya kafuri, kali ya kumwamsha farasi mfu, naye Mahlon akamuuliza kwa nini leo ameisahau. Aliinua macho, akauona mkono wa mkewe unang'aa mafuta. Alipopata nguvu alikwenda zizini, akasimama nyuma ya farasi, akavuta pumzi. Alikata kitunguu. Alifungua pipa la siki. Dunia nzima ilikuwa imeoshwa na kuanikwa, haina harufu hata moja.

Alijiambia itarudi theluji ikiyeyuka. Theluji iliyeyuka. Alijiambia itarudi wakati wa kupanda mahindi, na mahindi yakapandwa. Kumwambia mtu hakumwambia. Angesemaje? Mahlon Pua asiye na pua. Na kwetu kiburi si kosa dogo. Mtoto hufundishwa jina la kosa hilo kabla hajajua kufunga viatu. Lakini kiburi cha Mahlon kilikuwa kimevaa nguo za kazi, na kilivyozoeleka, hata yeye mwenyewe alikiona ni bidii tu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo inavyosemwa, na inasemwa kweli. Tena huyu maradhi yake aliyaficha majikoni mwa watu, kwenye nyumba zenye watoto. Nampenda Mahlon, lakini hili silimezi.

Haki yake nimpe pia. Hakufanya kazi ovyo. Alibeba chupa ya maji ya sabuni, na akibaki peke yake na friji aliyapaka kwenye kila kiungo cha bomba. Gesi ikivuja, povu linavimba, na povu halina haja ya pua. Kazi ilikuwa salama kabisa mradi hakuna anayemtazama. Mtu akiingia, chupa ilirudi mfukoni, naye Mahlon aliinama akanusa, kama watu walivyozoea kumwona.

Majira hayo hayo Lovina alianza kupenda safari. Mahlon akifunga farasi, mkewe alishatoka na kikapu chake cha kushonea. "Nataka kumwona Fannie," alisema. Au, "Nina muda sijaongea na mke wa mhubiri Alvin." Alikaa jikoni na mwenye nyumba, wakishona na kupiga soga, huku Mahlon akilala kifudifudi nyuma ya friji. Mara moja moja aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake, "Hapo kwenye kona umekaza, Mahlon?" Na Mahlon, kwa kuudhika kidogo, alikaza.

Basi, mwezi wa sita zamu ya ibada ikafika kwa Roman Raber. Makanisa ya majengo hatuna. Ibada huhama kutoka nyumba hadi nyumba, na mabenchi huja kwa gari lao la farasi. Roman aliamua watu wakae chumba cha chini, ambacho kina ubaridi, na mlango wake unatokea moja kwa moja kwenye mteremko wa bustani. Ili mabenchi yaenee, friji iliyokuwa katikati ya ukuta ilibidi isogezwe kwenye pembe, chini ya ngazi. Jumamosi Mahlon akaitwa kuisimamisha na kuiwasha.

Lovina siku hiyo hakwenda. Stroberi za binti yao zilikuwa zimeiva zote kwa pamoja, akaitwa kusaidia jemu.

Mahlon alisawazisha friji kwa pima maji, akapinda bomba la shaba kwa uangalifu, akakaza nati. Akatia mkono mfukoni kutoa chupa ya sabuni. Ndipo Roman na wenzake wakaingia na mabenchi begani.

"Hebu tueni kwanza," Roman alisema. "Tumwone mtaalamu akinusa."

"Mwaka jana alinusa kwangu akaniambia na mke wangu kaunguza maharage," mwingine akadakia.

"Sabuni waachie Waingereza," Roman alisema. "Sisi tuna Mahlon."

Walisimama wakimngoja, wanatabasamu, jasho linawatoka. Watu wema, hawakuwa na nia mbaya hata chembe. Mahlon aliiachia chupa mfukoni. Alipiga magoti, akasogeza uso kwenye kiungo, akavuta pumzi ndefu, akaishikilia kidogo kama alivyozoea.

"Safi," akasema.

Roman akampiga begani, mabenchi yakaendelea kuingia, na mtu akamwita juu akale pai. Alijiambia atarudi na chupa baadaye. Juu palikuwa na kahawa na hadithi za nyasi za ng'ombe, kisha farasi akaanza kupiga kwato kwa nzi, na Mahlon akaenda zake nyumbani.

Jumapili chumba cha chini kilijaa. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, watoto wadogo mbele. Lovina aliimba wimbo wa kwanza, kisha mjukuu wake akaanza kulia usingizi, akampandisha vyumba vya juu kumlaza. Waliobaki waliimba wimbo wa pili, ule unaoimbwa kila ibada, kwa mwendo wake wa kuburuta ambao mgeni hudhani hautakwisha. Halafu mhubiri Alvin akasimama, akafumbata mikono, akaanza habari za gharika.

Mahlon alikuwa benchi la tatu. Alimwona mtoto mmoja akibana pua kwa vidole, na mama yake akimshusha mkono. Alimwona mwanamke akimtupia mwenzake jicho. Hakuyafikiria. Chumba chenye watu wengi na mwezi wa sita, mtu hubana pua kwa mengi.

Kisha akamwona Roman. Roman aliinua kichwa, pua zikatanuka, uso ukabadilika. Akageuka taratibu akamtafuta Mahlon kwa macho, akampata. Alimtazama akiwa ameketi, mikono magotini, ametulia. Na Mahlon akauona uso wa Roman unalegea, mabega yanashuka, wasiwasi unamtoka mtu mzima kama mtoto aliyeambiwa hakuna kitu, lala. Roman akarudisha macho kwa mhubiri.

Hapo ndipo Mahlon alipoelewa. Alizungusha macho. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wamefanya vile vile. Walisikia, wakamtazama, wakatulia.

Propeni ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Hutambaa chini kama maji, ikatafuta mahali pa kutuama. Mbele pale, chini kabisa, ndipo watoto walipokuwa wamekaa. Na kwenye pembe, chini ya ngazi, kimoto chake cha bluu kilikuwa kinawaka.

Wazo la kwanza lilikuwa la woga, na nitalisema kwa sababu yeye mwenyewe amelisema. Aliwaza kutoka. Wanaume hutoka katikati ya mahubiri kuangalia farasi, hakuna anayeuliza. Angepanda bustanini, akafunga mtungi, kimoto kingezimika chenyewe, akarudi akaketi. Hakuna ambaye angejua. Lakini gesi iliyokwisha kutambaa ingebaki pale sakafuni na watoto wale, na kabla mtungi haujafungwa kimoto kilikuwa bado hai. Tena huenda hata haikuwa gesi. Huenda ni kabichi ya mtu. Yeye ndiye mtu pekee mle chumbani asiyeweza kujua.

Alisimama. Mhubiri Alvin alikuwa amefika mahali Nuhu anafungiwa mlango wa safina, akamwona, akakatisha.

"Ndugu zangu," Mahlon alisema, "mimi sisikii harufu. Tangu homa ya majira ya baridi sisikii harufu yoyote. Mnasikia nini?"

Hakuna aliyezoea kuulizwa kitu katikati ya mahubiri. Akajibu Fannie, mama yake Roman, mwanamke mzee anayeketi mwisho wa benchi kwa sababu ya goti lake.

"Gesi, Mahlon. Tangu wimbo wa pili."

"Na hamkusema?"

"Wewe ulikuwa umekaa," Fannie alisema.

Mahlon akanyosha mkono kuelekea mlangoni. "Watoto watangulie. Mlango wa bustani, polepole, mtu asiburute benchi. Roman, mtungi."

Sisi watu wa kutii tuna aibu zetu, lakini siku ile utii ulitufaa. Walitoka kama wanavyotoka kwenda kula, safu kwa safu, akina mama wamebeba watoto juu, mbali na sakafu. Alvin alimpa Fannie mkono. Roman alishakimbia kwenye mtungi. Mtu akapanda kuwashusha walioko juu kwa mlango wa mbele, na Lovina akatokea mjukuu begani, usingizini, yeye uso mweupe kama aproni yake. Mahlon alibaki mlangoni akikitazama kimoto kwa mbali. Kilipungua, kikatetemeka, kikazimika. Ndipo naye akatoka.

Hakuna aliyeumia. Waliacha milango wazi, upepo wa mteremkoni ukakifagia kile chumba mpaka kila mwenye pua akasema kumekuwa safi. Mahlon alirudi ndani na chupa yake ya sabuni, mbele ya wanaume wote, akapaka kiungo, akamwomba Roman afungue mtungi kidogo tu. Povu likavimba, kubwa, jeupe, likapasuka. Nati ilikuwa inahitaji kuzungushwa kidogo tu. Hakuna aliyefanya mzaha, na Mahlon angependa zaidi wangefanya.

Mahubiri yalimaliziwa ghalani, juu ya nyasi kavu, nayo hayakufupishwa. Baadaye Mahlon alimwendea Alvin, akamuuliza aje lini kuungama mbele ya kanisa.

"Umeshaungama, Mahlon, na kanisa lote lilikuwepo," Alvin alisema. "Mimi ndiye sijaungama. Niliisikia tangu nasimama, nikakutazama, nikaendelea na Nuhu wangu. Kaa tule. Supu inapoa."

Walikula supu, mkate na siagi ya karanga na kachumbari, na Mahlon hakusikia ladha yoyote.

Njiani kurudi farasi alijiendea mwenyewe. Walipopita daraja, Mahlon aliuliza, macho yakiwa kwenye masikio ya farasi, "Ulijua?"

"Nilijua tangu pai ya kwanza baada ya homa," Lovina alisema. "Ile ya tufaha. Sikutia mdalasini."

"Niliisifu."

"Uliisifu mno."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mahlon alikumbuka vikapu vya kushonea, Fannie, mke wa Alvin, kona ambazo aliambiwa akaze. Akaona miezi yote ile jinsi ilivyokuwa, yeye kifudifudi nyuma ya friji na mkewe kwenye kiti, anashona na kuvuta pumzi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekana. Nami sikutaka kuishi na mwongo, nilitaka kuishi na wewe. Nikasema nitangoja. Atasema mwenyewe." Aligeuzia uso mashambani. "Halafu jana nikaenda kupika jemu."

"Lovina, aliyeiacha ile nati ni mimi, si wewe."

"Watoto walikuwa wamekaa chini, Mahlon. Nami nilikuwa juu na mjukuu wetu, na nilijua husikii harufu. Watu wote mle hawakujua, mimi nilijua." Akajifuta macho kwa ncha ya aproni, kwa hasira, kama mtu anayefuta meza. Mahlon akahamisha hatamu mkono mmoja, na ule mwingine akauweka juu ya mkono wa mkewe. Walikwenda hivyo mpaka nyumbani.

Alidhani kazi yake ya ufundi imekwisha. Jumatatu akaitwa na Roman Raber, aje airudishe friji mahali pake. Walikwenda wawili, yeye na Lovina. Na kile kidude cha dukani nacho alikifuata baadaye, akasimama mbele ya yule Mwingereza na kusema amekuja kuomba alichokikataa. Wazee wakakikubali, maana kina betri na hakina waya. Lovina hukiita kijakazi wake.

Jina lake halikubadilika. Kwetu, nimesema, halitoki. Mgeni akitaka fundi wa friji ataambiwa aende kwa Mahlon Pua, na hakuna atakayemweleza zaidi. Atamkuta mzee anayeingia jikoni, anavua kofia, anaweka kidude chake mezani na chupa ya sabuni kando yake, kisha anangoja mpaka watu wote wa nyumba wamekusanyika, hata bibi aliyelala, hata mtoto wa kubebwa. Lovina anasimama nyuma yake na kikapu. Mahlon anakaza nati ya mwisho, anafungua gesi, na kabla hajapaka povu huwageukia wote.

"Vuteni pumzi," huwaambia. "Mkisikia kitu, semeni. Mtu asinitazame mimi."